Athens kwa miguu: wapi ulipie kuwaona miungu wa kike, na wapi upite bure

Tiketi ya Akropoli, ule mwamba wa mahekalu ya kale katikati ya Athens, sasa ni euro 30. Tangu Aprili 2025 bei ni hiyohiyo wakati wa joto na wakati wa baridi, na ile tiketi ya pamoja iliyokuwa ikikupitisha maeneo saba kwa siku tano kwa pesa kama hizo imefutwa. Ushauri mwingi uliojaa mtandaoni umeandikwa kabla ya hapo. Ukiufuata utapiga hesabu vibaya na kushtukia mlangoni.

Tunachopima hapa ni Athens ya nje: vilima, magofu na vivuli vya misonobari, kwa mtu anayetaka kuufuata mji huo kupitia miungu wa kike walioabudiwa humo. Uamuzi wetu tunautoa mapema. Lipia Akropoli mara moja, asubuhi mlango unapofunguliwa. Jioni kaa kwenye vilima vya bure. Siku ya pili panda basi uende Eleusis, patakatifu pa Demeter, mungu wa kike wa nafaka, nje ya mji, kwa sababu huko kiingilio kidogo kinakupa kingi kuliko euro 30 za Akropoli. Agora ya Kale, uwanja wa soko wa zamani, iache ya mwisho, kama mfuko unaruhusu.

Kukata tiketi

Tovuti rasmi ya serikali ni hhticket.gr. Unachagua tarehe, kisha saa ya kuingia. Tangu Septemba 2023 Akropoli imewekewa kikomo cha watu 20,000 kwa siku, kwa hiyo saa za asubuhi huisha mapema, hasa kuanzia Mei hadi Septemba. Tiketi iliyoandikwa 08:00, yaani saa 2 asubuhi, inakuruhusu kuingia kuanzia dakika 15 kabla hadi dakika 15 baada ya saa hiyo. Ukizidisha unaweza kurudishwa. Ukishaingia, hakuna anayekuhesabia muda. Unaweza kukaa hadi wanapofunga.

Walanguzi wa mtandaoni wanauza tiketi hiyohiyo kwa bei ya juu wakiipamba kwa maneno ya "kuruka foleni". Foleni inayorukwa ni ya dirisha la kukatia tiketi tu, na aliyenunua kwenye tovuti rasmi naye hana haja ya dirisha hilo. Foleni ya kuskani tiketi langoni mnapanga wote. Kuhusu waongozaji, sheria ya Ugiriki inataka anayeongoza watu ndani ya maeneo ya kale awe na leseni, na kitambulisho chake hukivaa shingoni. Anayekufuata getini bila kitambulisho, mpite.

Zipo siku za bure: 6 Machi, 18 Aprili, 18 Mei, mwisho wa juma wa mwisho wa Septemba, 28 Oktoba, na Jumapili ya kwanza ya mwezi kuanzia Novemba hadi Machi. Za baridi zinafaa kweli. Ya Septemba ni msongamano mtupu, usiitumie kwa Akropoli, itumie Eleusis.

Kupanda Akropoli

Yapo malango mawili. Lile kubwa la magharibi ndilo makundi ya mabasi ya watalii na ya meli yanakoshushwa. Ingia la kusini-mashariki, hatua chache kutoka kituo cha metro cha Akropoli kwenye laini nyekundu. Njia ya hapo ni ndefu kidogo, lakini inapanda taratibu na kukupitisha mteremko wa kusini ambao wengi hawauoni kabisa, ingawa umo ndani ya tiketi yao.

Ukishaupita ukumbi wa maonyesho wa Dionisio unafika kwenye patakatifu pa Asklepio, mungu wa tiba, palipoanzishwa karibu mwaka 420 KK. Wagonjwa walilala hapa wakingoja ndoto ya kuwaponya. Pamoja naye aliabudiwa binti yake Hygieia, ambaye ndiye afya yenyewe. Karibu na hapo yapo mabaki ya hekalu dogo la Isis wa Misri. Kwa macho si kitu: misingi na mawe machache. Kwa maana yake ni makubwa. Wamisri wenye biashara zao walikwisha ruhusiwa kumjengea Isis hekalu katika bandari ya Piraeus kabla ya mwaka 333 KK. Tunalijua hilo kwa sababu wafanyabiashara wa Kition, Kupro, walipoomba kiwanja cha kumjengea Aphrodite, azimio la mkutano wa raia liliwataja Wamisri kama mfano uliotangulia. Piraeus hiyohiyo ilikuwa na Bendis, mungu wa kike wa Wathrakia. Anayefikiri mji huu ulikuwa wa Athena, mungu wake mlinzi, peke yake aanzie hapa.

Juu, kwenye ngazi za lango kuu liitwalo Propylaia, inua macho upande wa kulia. Kale kahekalu kadogo kwenye ncha ya ngome ni ka Athena Nike, mleta ushindi. Huruhusiwi kukakaribia, na hapo chini ndipo kanapoonekana vizuri, basi usipande ukitegemea utakakuta mbele. Waturuki walikabomoa mwaka 1686 ili mawe yake yajenge boma la mizinga, na tangu karne ya 19 mafundi wamekajenga upya mara tatu, kila mara wakirekebisha makosa ya waliotangulia. Mwandishi Pausania alieleza kwamba Waathene walimwacha Nike bila mabawa ili asiruke akawahama.

Sasa jambo ambalo karibu kila mtu hulipita. Ukitoka tu Propylaia upande wa ndani, geuka uangalie nguzo ya mwisho ya upande uliokuwa kulia kwako ulipokuwa ukitoka. Chini yake kimeegemea kitako cha marumaru chenye umbo la nusu duara, kifupi, na maandishi mbele. Kinasema Waathene wamemtolea Athena Hygieia, na fundi ni Piro wa Athens. Mwandishi Plutarko anasimulia kwamba wakati wa ujenzi fundi mmoja hodari alianguka kutoka juu na matabibu wakakata tamaa. Athena akamtokea Perikle, kiongozi wa Athens, ndotoni akamwonyesha dawa, mtu akapona, na Perikle akasimamisha sanamu ya shaba. Sanamu haipo. Kitako kipo palepale kilipowekwa, na ni kati ya vitu vichache juu ya mwamba huu unavyoweza kuvisimamia karibu hivyo. Usiguse, walinzi wana filimbi na hawaoni haya kuzipuliza.

Mbele kidogo kushoto alisimama Athena wa shaba wa mchongaji Phidias, kama mita 9 kwenda juu, na Pausania anasema mabaharia waliotoka Sounion waliiona ncha ya mkuki wake wakiwa baharini. Limebaki jukwaa tu.

Halafu Parthenon, hekalu kubwa la Athena. Kosa la watu wengi ni kupiga picha upande wa magharibi na kuondoka. Huo ni mgongo wa hekalu. Mlango wake ulikuwa mashariki, na juu ya mlango huo ndipo palipochongwa Athena akizaliwa kutoka kichwani mwa Zeu. Magharibi palichongwa ugomvi wake na Poseidoni wa kuugombea mji. Kwa hiyo zunguka mpaka mashariki. Kazi ilianza mwaka 447 KK, sanamu ya dhahabu na pembe za ndovu yenye urefu wa karibu mita 12 ikawekwa wakfu mwaka 438, na michongo ikakamilika mwaka 432. Ndani hakuingiliki. Jukwaa la mafundi huhamishwa upande mmoja hadi mwingine, basi usikasirike ukilikuta. Hekalu hili baadaye lilikuwa kanisa la Bikira Maria kwa karne nyingi, kisha msikiti, kisha ghala la baruti, na tarehe 26 Septemba 1687 kombora la jeshi la Venisi likaligonga na kupasua katikati. Karibu nusu ya michongo iliyosalia ilichukuliwa na Elgin, balozi wa Uingereza, tangu mwaka 1801, na iko London hadi leo.

Erechtheion, lile la mabinti sita waliobeba paa vichwani, ndilo lilikuwa takatifu zaidi, si Parthenon. Humu iliwekwa sanamu ya kale ya Athena mlinzi wa mji, ya mti wa mzeituni, ambayo watu waliamini imeshuka kutoka mbinguni. Ile ya dhahabu ilikuwa fahari ya dola. Hii ya mti ndiyo iliyovishwa vazi lililofumwa na wanawake wa mji kwa sikukuu ya Panathenaia. Mzeituni ulio upande wa magharibi ulipandwa karne ya 20, pale ambapo masimulizi yanaweka ule wa Athena. Mabinti unaowaona ni nakala. Watano halisi wako katika Makumbusho ya Akropoli chini ya kilima, kwa tiketi nyingine, na wa sita yuko London. Ukumbi wao unatazama kusini, kwa hiyo mwanga unawapata karibu mchana kutwa. Watazame baada ya Parthenon.

Viatu: raba zenye soli inayoshika. Marumaru imesuguliwa na mamilioni ya nyayo hata inang'aa, na hata bila mvua inateleza. Viatu vya visigino virefu vimepigwa marufuku, chakula vilevile. Maji yanaruhusiwa, na bomba la kujazia chupa lipo juu. Mkoba mkubwa utauacha kwenye chumba cha mizigo karibu na lango la magharibi, jambo linalokuharibia mpango wa kuingilia kusini-mashariki, basi njoo na mfuko mdogo. Kwa asiyeweza ngazi ipo lifti upande wa kaskazini-magharibi. Iliyopo sasa iliwekwa mwishoni mwa mwaka 2020. Saa moja na nusu hadi mbili zinatosha juu.

Joto ni jambo la kupangia, si la kulalamikia. Wakati wa mawimbi ya joto serikali huifunga Akropoli kuanzia kama saa 6 mchana hadi saa 11 jioni, na tangazo linaweza kutoka siku ileile. Mwenye tiketi ya saa 7 mchana mwezi Julai anacheza bahati nasibu.

Vilima vya bure

Areopago uko chini tu ya lango la magharibi na hauna kiingilio. Wasomaji wa Biblia wanaujua kutoka Matendo 17: ndipo Paulo alipozungumza na Waathene juu ya madhabahu ya mungu asiyejulikana, na hotuba yake imeandikwa kwa Kigiriki kwenye bamba la shaba lililobanwa mwambani karibu na ngazi. Panda ngazi za chuma. Zile za kale zilizochongwa kwenye mwamba zinavutia kwa picha na zinaangusha watu kwa urahisi uleule.

Bamba hilo linawafanya wengi wasahau wenyeji wa hapa wa kwanza. Katika ufa ulio chini ya mwamba walikaa Erinyes, miungu wa kike wa kisasi cha damu. Masimulizi yanasema walimfukuza Oreste aliyemuua mama yake mpaka Athens, Athena akaunda baraza la majaji kwenye mwamba huu, kura zikalingana, naye akamwachilia. Kisha, badala ya kuwafukuza walioshindwa, aliwapa makao na heshima chini ya mji. Mahakama ya mauaji ya Athens ilikaa kweli hapa. Ufa wenyewe hauna kibao cha maana, na hilo ni dosari: mahali pazito kama hapa pangestahili angalau ubao mmoja.

Kwa machweo, watu hujazana Areopago. Nenda Filopapo badala yake. Ni kilima cha mita 147, ng'ambo ya barabara ya waenda kwa miguu, na jina lake la kale ni kilima cha Muse, wale mabinti tisa wa Mnemosyne, mungu wa kike wa kumbukumbu. Kutoka kileleni, penye mnara wa Filopapo wa karibu mwaka 115 BK, Akropoli inakukabili usoni na bahari iko nyuma yako. Njia za mawe zilizotandazwa na msanifu Dimitris Pikionis miaka ya 1950 zinastahili kutazamwa zenyewe: vipande vya marumaru vya nyumba zilizobomolewa, vimepangwa kimoja kimoja, hakuna mraba unaofanana na mwenzake. Dakika 20 kupanda. Shuka kabla giza halijaingia sawasawa, kwa sababu taa ni chache na njia zinachanganya. Siku za hatari kubwa ya moto, mamlaka huzuia watu kuingia vilima vyenye miti. Tazama tangazo la siku.

Likavito ni mrefu kuliko wote hapo katikati, mita 277. Wanasimulia kwamba Athena alikuwa amebeba mwamba huu kuja kuimarisha Akropoli, kunguru akamletea habari mbaya, akauangusha. Treni ya kamba inayopanda kutoka Kolonaki inapita ndani ya handaki mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo unalipia mandhari ambayo huioni njiani. Panda kwa miguu.

Agora ya Kale: ndiyo, lakini

Euro 20 ni nyingi kwa eneo ambalo sehemu kubwa ni misingi. Linalookoa ni hekalu la Hefaisto juu ya kilima, lililokamilika kuliko mengine yote ya Ugiriki, ambamo Athena aliabudiwa pamoja na Hefaisto kama mlinzi wa mafundi. Chini yake tafuta Metroon, nyumba ya Mama wa Miungu aliyefananishwa na Kibele wa Frigia. Humo ndimo zilimotunzwa nyaraka za dola: sheria za Athens zilikuwa chini ya ulinzi wa mungu mama mwenye asili ya Asia. Miti ipo, vivuli vipo, na jumba la Attalo lililojengwa upya kati ya 1952 na 1956 lina ubaridi mchana. Mwenye watoto atapapenda kuliko Akropoli. Mwenye siku moja tu aache.

Eleusis

Mabasi A16 yanaondoka uwanja wa Koumoundourou, karibu na katikati ya mji, na nauli ni tiketi ya kawaida ya mjini, euro 1.20 kwa dakika 90. Umbali ni kama kilomita 21. Kwa foleni za barabarani weka saa nzima. Barabara kubwa ya kutoka mjini bado inaitwa Iera Odos, Njia Takatifu, kwa sababu ndiyo iliyopitwa na maandamano ya kila Septemba kutoka Kerameiko hadi kwa Demeter. Wapo wanaotaka kuitembea yote. Usijaribu: ni lami, malori na viwanda, na hata Eleusis yenyewe imezungukwa na mitambo ya mafuta. Harufu na moshi ni sehemu ya ziara, tuseme ukweli. Ukitaka kuonja mwanzo wa njia hiyo, Kerameiko inatosha, makaburi yenye kijito na kobe wanaojitembelea.

Masimulizi ndiyo ramani ya eneo. Persephone aliibwa na Hade, mungu wa kuzimu aitwaye pia Pluto, mama yake Demeter akazunguka dunia akimtafuta, akaja kuketi kisimani hapa akiwa na sura ya kikongwe. Akazuia nafaka isiote mpaka alipopewa mwanawe, lakini binti alikuwa amekwisha kula punje za komamanga, ndiyo maana sehemu ya mwaka hurudi kuzimu. Sasa tembea: uwanja wa mbele wa Kirumi, kisha kisima cha Kallichoron mkono wa kushoto wa lango kuu, bado kina ukingo wake wa mawe yaliyokatwa kwa mviringo, wanawake walicheza ngoma kandokando yake. Ndani ya lango la pili kulia kuna pango la Pluto, mlango wa kuzimu. Mwisho ni Telesterion, ukumbi wa zaidi ya mita 50 kila upande, na ngazi za kukalia zilizochongwa kwenye mwamba wenyewe. Kaa hapo. Maelfu waliketi humo gizani kuonyeshwa jambo ambalo kulitoboa adhabu yake ilikuwa kifo, na siri imetunzwa hivi kwamba hadi leo hakuna anayejua walichoonyeshwa. Wanawake na watumwa waliruhusiwa, mradi waelewe Kigiriki na wasiwe na damu ya mtu mikononi. Kaizari Theodosio alipiga marufuku ibada za kale mwaka 392.

Haikuishia hapo lakini. Mpaka mwaka 1801 wanakijiji waliiwekea samadi sanamu ya mwanamke wa marumaru iliyokuwa kwenye uwanja wa kupuria, wakiamini ndiyo inayowapa mavuno. Mwingereza Edward Clarke akaichukua. Wanakijiji wakatabiri meli itazama, na kweli ikazama pwani ya Uingereza. Sanamu ikaokolewa, iko Cambridge. Mwenzake wa lango la ndani yuko katika makumbusho ya hapa Eleusis. Na juu ya pango, kwenye mwamba, kipo kikanisa cha Bikira Maria wa katikati ya kupanda, Mesosporitissa: kila mkesha wa 21 Novemba, siku ya kuingizwa Maria hekaluni, wanawake huleta nafaka mbalimbali zilizochemshwa, zikabarikiwa na kugawiwa. Kama tarehe zako zinaruhusu, hiyo ndiyo safari bora kuliko zote za Athens.

Kiingilio ni chini ya nusu ya kile cha Akropoli, na watu ni wachache hata Agosti. Kivuli hakipo, duka la maji ndani halipo, vibao vimefifia mahali pengine. Maeneo mengi ya nje ya mji hufungwa Jumanne, basi hakikisha kabla ya kupanda basi. Nenda asubuhi, saa mbili za kutembea zinatosha, na mikahawa ya mjini iko hatua chache kutoka getini.

Vravrona, patakatifu pa mungu wa kike Artemi, ambako wasichana wa Athens walipelekwa kumtumikia wakiitwa dubu, ni nzuri na tulivu, ila bila gari itakula siku nzima. Wenye gari wafike, wengine waiache.